Kwa Nini Tunaonja Mbele ya Mteja

Mwezi uliopita mgeni mmoja kutoka Kigali aliandika kwenye daftari la maoni kwamba kahawa yetu ni tamu, ziwa linaonekana vizuri kutoka barazani, lakini ameshangaa kumwona mhudumu akionja kahawa mbele yake kabla ya kumpa. Akauliza kama huo ni usafi. Clarisse, wewe ndiye uliyenisomea maneno hayo kwa sauti, na nikaona jinsi ulivyotazamana na wenzako. Binti yangu Solange, ambaye sasa ndiye mwenye duka, alisema jambo hilo mtalizungumza nikishastaafu. Haya, nimeshastaafu. Wiki ya pili sasa niko nyumbani, miguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, na sina wa kumgombeza isipokuwa kuku. Kabla hamjalizungumza, nisomeni kwanza.

Sitawaeleza mashine kubwa ilinunuliwa lini wala vile vyeti tulivipataje. Hayo yako ukutani na vumbi lake. Nataka kuwaeleza ule mwaka wa kwanza, ambao karibu unifukuze mjini.

Nilizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi, kwa wazazi waliokimbia Rwanda mimi sijazaliwa. Tulirudi baada ya mauaji ya kimbari. Mume wangu alikuwa ameshafariki kwa malaria, kwa hiyo nilivuka daraja na Solange kando yangu, masanduku mawili, na Kinyarwanda ambacho watu wa hapa walikisikia mara moja kwamba kimelelewa kwingine. Mji ulikuwa kimya kwa namna ambayo siwezi kuwaeleza vizuri. Watu walisalimiana kwa heshima zote, kisha kila mtu akamtazama mwenzake mgongoni akienda. Kila nyumba ilikuwa na watu wake isiowaona tena, na hakuna aliyejua jirani mpya alikuwa nani, alifanya nini, au anataka nini.

Nilipata chumba kimoja juu ya barabara inayoteremka hadi mpaka wa Rusizi ya Kwanza. Wachuuzi na wabeba mizigo walikaa pale saa nzima, mara nyingine siku nzima, wakingoja kuvuka. Chai na uji vilikuwa vikiuzwa na wanawake watano, na wote walinizidi umri na ujanja. Nikasema mimi nitauza kahawa. Vilima vyote vinavyotuzunguka vilikuwa na mikahawa, na karibu hakuna mtu aliyewahi kuinywa. Kahawa ilikuwa mali ya kuuza. Ilichumwa, ikakaushwa, ikapanda lori, ikaondoka. Mzee mmoja wa Giheke aliyeniletea gunia la kwanza alikuwa amelima mikahawa tangu utoto. Nilipompa kikombe alikunywa kidogo, akakiweka chini, akaniuliza taratibu kwa Kiswahili chetu cha mpakani, "Maman Solange, njo hii tulikuwa tunapalilia miaka yote?"

Na sasa ungamo ambalo Solange analijua na ninyi hamlijui. Mimi pia sikuwa mnywaji. Kahawa ilinidundisha moyo, na nyumbani kwetu mama aliiita kinywaji cha wazungu na walinzi wa usiku. Nilifungua duka la kahawa kama mtu anayefungua duka la viatu vya namba asiyoivaa. Nilijiambia haidhuru, kwa sababu nilikuwa na Papa Zakaria.

Papa Zakaria alikuwa mpishi wa zamani wa hoteli moja ya Bukavu iliyoporwa wakati wa vita ya kwanza ya Kongo. Alinifahamu tangu nikiwa msichana, na alikubali kuvuka kila asubuhi kuja kunifundisha, mpaka mkono wangu utakapotulia, ndivyo alivyosema. Alikuwa mrefu, amenyooka, shati limepigwa pasi hata siku ambayo hakuwa amekula. Alikuja na kisagio cha mkono alichokiokoa hotelini na chujio la kitambaa alilolishona mwenyewe.

Siku ya kwanza walikuja wateja watatu. Nilibeba kikombe cha kwanza nikikikodolea macho, nacho kikawa kinagonga kisosa, kisahani chake, njia nzima mpaka mezani, ka ka ka ka, na mteja akainua kichwa kuona kuna nini. Nilirudi nikiwa natokwa jasho. Papa hakucheka.

"Usiangalie kikombe," akasema. "Angalia kwenye unaenda. Kikombe kitakufwata."

Ni kweli, na bado ni kweli. Nimewaona ninyi pia mkikodolea macho kikombe. Alinifundisha kukaanga kwa masikio. Punje hulia mara ya kwanza kwa kishindo kama kuni kavu, hapo punguza moto; zikianza kulia mara ya pili kwa sauti ndogo ndogo, toa upesi, usingoje kujiridhisha kwa macho. Alinifundisha kulowesha unga kwanza kwa maji kidogo, kuuacha uvimbe, ndipo kumimina yaliyobaki. Mikono yangu ilishika kazi hiyo. Lakini kuonja alionja yeye. Kila birika lilipokuwa tayari alimimina kidogo kwenye kikombe chake cha bati, akafyonza kwa kelele, akafumba macho. Kisha alisema neno moja kati ya mawili: "Peleka," au "Mwaga." Nami nilipeleka, au nilimwaga. Sikuwahi kumuuliza alikuwa amesikia nini mdomoni. Nilidhani nina wakati.

Kitu kingine alichokileta kutoka hotelini ni pazia. Alilitundika kati ya jiko na meza, kwa sababu kwenye hoteli nzuri mteja haoni moshi. Nililiona la kifahari sana. Sikuelewa kwa nini wateja walilitazama vile.

Ninyi mmekua katika wakati mwingine, kwa hiyo niwaeleze. Kwa mila ya Kinyarwanda, anayekukaribisha pombe huonja kwanza mbele yako ndipo akukabidhi. Gusogongera, wazee wanaita. Chupa ya soda nayo hufunguliwa mbele ya macho yako. Ikiletwa imefunguliwa, mtu mwenye adabu husema hana kiu. Miaka ile haikuwa adabu tu. Watu waliogopa sumu kweli kweli, na waliogopa zaidi kilichotoka ng'ambo, ile inayoitwa karuho, ambayo Bukavu nzima husema inaua polepole na haina ladha. Na mimi nilikuwa mwanamke wa ng'ambo, nikitengeneza kinywaji cheusi, kichungu, nyuma ya pazia.

Mteja mmoja aliwahi kunisogezea kikombe akasema, "Onja kwanza, Maman." Nilijisikia nimetukanwa. Nilienda nyuma kumwambia Papa, naye akakasirika kuliko mimi. "Mupishi anaonjaka mu kikoni," akasema. "Ku meza ya muteja, hapana. Hapa si kilabu cha pombe ya ndizi." Basi nilirudi nikasema kwa upole kwamba sisi hatufanyi hivyo. Yule mteja akalipa, akaondoka, kikombe kimejaa.

Kisha vita ya Kongo ikaanza upya. Asubuhi moja Papa Zakaria hakuja. Kufika saa nne barabara ilikuwa imejaa watu wasioweza kwenda mbele wala kurudi, na askari darajani wakisema mpaka umefungwa. Milio ya bunduki ilisikika kutoka milima ya upande wa pili, mara mbali, mara karibu. Watu walikaa kwenye mteremko wakitazama nyumba zao ng'ambo ya mto, karibu hata wangeweza kuhesabu madirisha. Nilitazama pia, nikitafuta shati jeupe lililonyooka.

Nilifungua duka kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Na kwa mara ya kwanza duka likajaa. Waliokwama walihitaji pa kukaa na kitu cha moto. Nilikaanga, nikasaga, nikamimina, nikapeleka. Kila birika nililinusa tu, nikalitazama rangi, nikajiambia, peleka. Lakini pua ya mtu anayeshinda kwenye moshi wa kahawa haisikii kitu, na mtu niliyemtegemea aonje alikuwa upande wa pili wa mto, sijui hai au la.

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, na kwa wingi ule wa wateja kidumu changu kimoja hakikutosha. Nilinunua cha pili, cha njano, kwa mchuuzi mmoja palepale barabarani. Kilikuwa kimebeba mafuta ya taa, aliniambia mwenyewe, hakunificha. Vidumu vyote vya mpakani vilikuwa vimebeba kitu. Nilikiosha kwa sabuni, majivu na mchanga, nikakisuuza mpaka mikono ikababuka, nikakinusa, sikusikia kitu. Nikakijaza.

Siku mbili baadaye akaja Maman Vumilia. Huyu alikuwa mkubwa wa wanawake wanaovusha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwanamke mnene, mwenye sauti, aliyekuwa akigawa zamu za kuvuka na kuamua ugomvi wa mpakani upesi kuliko mahakama. Watu walimpenda na walimwogopa. Alikuwa na mafua makali, macho mekundu, na alikuwa amesimama tangu alfajiri bila kula. Aliagiza kahawa, akatia sukari vijiko vitano, akanywa kikombe kizima kwa haraka, akaagiza kingine. Nilifurahi. Nilijua akizoea yeye, wanawake wote wa sambaza watamfuata.

Alipomaliza cha pili alishika meza. Akamwita Mungu kwa Kinyarwanda, "Mana yangu, tumbo." Akatapika pale pale, kisha akaanguka na kiti. Nakumbuka kisosa kikizunguka sakafuni muda mrefu bila kuvunjika. Wanaume wanne wakamwinua wakamteremsha barabarani wakitafuta gari la kwenda hospitali, na watu wengine wote wakageuka. Hawakumtazama yeye. Walitazama pazia.

Nilisikia neno la Kinyarwanda likipita kwenye mteremko, kwanza kwa sauti ya chini, kisha bila kujificha: umurozi. Mtia sumu.

Konseye, ndivyo tulivyomwita kiongozi wa mtaa, alikuja mchana huo. Alikuwa mtu mwenye haki, na ninalisema hilo kwa sababu wengine hawakuwa. Alisema nifunge mpaka ijulikane. Nikamuuliza, ijulikane vipi? Akasema, "Akiamka, tutajua. Asipoamka, tutajua vilevile." Akaondoka na kikombe alichonywea Maman Vumilia, amekifunga kwenye gazeti.

Siku nne duka lilifungwa. Asubuhi ya kwanza nilikuta benchi langu la nje limevunjwa vipande. Asubuhi ya pili, kisimani, wanawake walivuta vidumu vyao mbali na changu. Ya tatu Solange alirudi shuleni na chakula chake chote, akasema watoto wengine wamekatazwa kula karibu naye. Hapo ndipo nililia. Nilifungua masanduku yangu mawili nikaanza kupanga nguo. Lakini niende wapi? Mpaka ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimekimbilia nyumbani, na nyumbani ndipo hapo.

Na kibaya kuliko vyote, usiku na mchana nilijiuliza: je, ni mimi? Sikuweka sumu, hilo nililijua. Lakini kuna kitu mle ndani kilimwangusha, na sikujua ladha ya nilichompa. Nilikuwa nimeuza mamia ya vikombe na nisingeweza kuapa juu ya kimoja.

Siku ya tano, asubuhi, nilisikia watu. Nilipofungua mlango alikuwa amesimama Maman Vumilia mwenyewe, amepungua kidogo, kitambaa kipya kichwani, konseye kando yake, na nyuma yao mteremko mzima.

"Niko muzima," akasema. "Ba docteur wanasema ni tumbo, lakini hawajue tumbo ya nini. Batu banasema ni weye. Mi sipendi kusikia mambo kwa batu. Leta moto yako hapa inje. Upike mbele yangu, nione yote, kisha uonje, na mi nitakunywa."

"Na nikikataa?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Ukikataa," konseye akasema, "utakuwa umejibu."

Nilitoa jiko la makaa hadi barazani. Nilitoa kikaango, kisagio, chujio, birika, na kile kidumu cha njano kilichokuwa kimekaa juani tangu siku ile. Nilikaanga mbele yao. Ajabu ni kwamba mikono haikutetemeka. Punje zililia mara ya kwanza, nikapunguza moto. Zikalia mara ya pili, nikatoa. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Yewe, kumbe anakaanga tu kama karanga." Nilisaga. Nikachemsha maji, nikalowesha unga, nikaungoja uvimbe, nikamimina. Moshi na mvuke ulipanda, watu wakasogea, na kwa dakika kadhaa nilihisi kama ninaweza kupona. Nilimimina kwenye kikombe kimoja, nikakiinua, nikanywa.

Mafuta ya taa.

Hayakuwa mengi. Yalikuja baada ya uchungu, nyuma ya ulimi, kisha yakapanda puani. Nilimeza kwa sababu wote walikuwa wakitazama koo langu. Na nikaelewa yote kwa mpigo mmoja: plastiki ilikuwa imekunywa mafuta, ilikuwa ikiyarudisha polepole kwenye maji, na yule mama mwenye mafua hakuweza kuyasikia.

Niliwatazama. Maman Vumilia alikuwa ameshanyoosha mkono. Kila mtu alikuwa ameshaniona nikimeza. Ningetabasamu tu, ningempa, ningekuwa nimeshinda. Angekunywa kidogo tu safari hii, labda asingeumwa, labda angefikiri kahawa iko vile. Nikimwaga, watu wataona jambo moja tu: mtia sumu ameonja sumu yake akaogopa. Kikombe kilianza kugonga kisosa, ka ka ka, mbele ya mji mzima.

Nikasema, "Usikunywe." Kisha nikamimina kikombe chini, na birika lote juu yake.

Kelele iliyopanda siwezi kuisahau. Watu walisimama, mtu akanishika bega, mwingine akapiga teke jiko na makaa yakamwagika barazani. Konseye aliinua mikono miwili. "Mumuache aseme!"

"Iko na petroli," nikasema. Petroli ndiyo mafuta ya taa kwetu. "Ni hii kidumu. Nilikinunua kwa njia, nilijua kilibeba petroli, nilikiosha na majivu nikaona imeisha. Haikuisha. Ni mimi nilimupatia. Sikuonja. Papa Zakaria njo alikuwa anaonjaka, na mi sikunywaka kahawa. Tangu mupaka ifungwe sikuonja hata kimoja."

Konseye alichukua kidumu, akafungua kifuniko, akanusa, akageuza uso. Akampa aliyekuwa karibu. Kidumu kikapita mkono kwa mkono kwenye mteremko, na kila mtu akaweka pua yake na akakunja uso. Kilipofika kwa mbeba mizigo mmoja aliyekuwa kwangu siku ile ile, aliinua kichwa taratibu.

"Hata mi nilisikiaka hii," akasema. "Nilifikiri kahawa njo iko vile."

"Na mi!" akasema mwingine. "Niliona nisiseme. Niliona nitaonekana mushamba."

Wakacheka. Vilima vyote hivi vya mikahawa, na sijui watu wangapi walikuwa wamekunywa mafuta ya taa kwangu kwa adabu, wakiamini ndivyo wazungu wanavyopenda. Nilitaka kucheka nami, lakini Maman Vumilia alikuwa hacheki.

"Njo kusema ni weye uliniangusha," akasema.

"Ni mimi."

"Na si sumu."

"Si sumu, Maman. Ni ujinga wangu. Unisamehe."

Nilidhani atageuka aende, na akienda yeye wataenda wote, na masanduku yangu yalikuwa tayari. Akamgeukia mmoja wa wanawake wake. "Lete kidumu yangu. Ile ya maji ya kunywa." Kisha akakaa chini kwenye ngazi, kwa sababu benchi halikuwepo. "Anza upya," akaniambia. "Na sikilize muzuri ile unaonja."

Nilikusanya makaa. Nilikaanga tena, nikasaga tena, nikachemsha maji yake. Nilipoinua kikombe safari hii sikuwa naonja ili waone. Nilikuwa natafuta. Niliishikilia mdomoni, nikangoja nyuma ya ulimi, nikangoja puani. Kulikuwa na uchungu, na chini ya uchungu kitu kama ganda la limau, na mwishoni utamu mdogo ambao sikuwahi kujua upo. Hakukuwa na kingine. Moyo wangu ulikuwa unapiga, na haikuwa kahawa.

"Iko bien, iko muzuri," nikasema.

Maman Vumilia hakungoja kikombe kingine. Alichukua kile kile nilichonywea, kama watu wanavyopokezana pombe, akanywa mpaka nusu, mji mzima ukitazama. Akapangusa mdomo.

"Ni chungu," akasema.

"Njo kahawa."

"Basi leta sukari."

Msidhani kila mtu alirudi. Wengine walipita mbele ya mlango wangu miaka mingi bila kugeuza shingo, na aliyevunja benchi hajawahi kusema, ingawa namjua na ananunua kwetu mkate. Maman Vumilia mwenyewe alikuja karibu kila siku, lakini mpaka alipozeeka alikaa pembe ile ya kushoto, pale ambapo mtu anaona chombo cha maji. Sikumlaumu.

Pazia nililitoa jioni ile ile, nikalishonea Solange sketi. Jiko likahamia mbele. Sasa naona kwenye simu zenu maduka ya mijini yakijisifu kwa kaunta zilizo wazi, mteja aone kila kitu, nao wanauita mtindo. Kwetu haukuwa mtindo. Tuliogopana. Kila birika nililionja mbele ya mteja, kwa kijiko kile cha alumini mnachokiona kwenye msumari, na kikombe cha kwanza cha kila siku nilikilipia kwa moyo kudunda mpaka adhuhuri. Lakini siku moja katikati ya kazi nilimwambia mzee wa Giheke kwamba gunia lake lilikuwa limenyeshewa kabla halijakauka, naye akashika mdomo, kwa sababu lilikuwa limenyeshewa. Nilijua kahawa yake na ile ya vilima vya Nyakabuye bila kusoma gunia. Sikumbuki ilikuwa siku gani niliacha kuogopa. Nilikuwa na shughuli.

Clarisse, mjibu mgeni wa Kigali unavyotaka. Mwambie kijiko huoshwa kila mara kwa maji ya moto, jambo ambalo ni kweli, na nikikuta si kweli nitarudi na magoti yangu haya mabovu. Lakini msikitoe pale msumarini.

Mpaka ulipofunguliwa, siku ya tatu au ya nne baadaye, Papa Zakaria alivuka. Niliona shati kwanza. Lilikuwa limepigwa pasi lakini lilining'inia, kana kwamba lilikuwa la kaka yake mnene. Tulishikana mikono muda mrefu, na hakusema alikokuwa, nami sikuuliza. Alisimama mlangoni akitazama mahali pazia lilipokuwa, kisha jiko katikati ya watu, moshi wote nje nje. Nilingoja anigombeze.

Alikaa. Nikamtengenezea, mbele yake, na nilipomaliza nikafanya kile alichonikataza: nikachukua kijiko, nikaonja mbele ya meza ya mteja. Nikamwekea kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, lakini hakukiinua.

"Tangu homa inipige kule ng'ambo," akasema, "ulimi yangu ilikufa, Maman Solange. Kila kitu ni maji tu. Hata pilipili." Akatazama ndani ya kikombe. "Iko namna gani?"

Sikuwahi kumsikia akiuliza hivyo mtu yeyote. Nilitaka kumwambia ni nzuri. Asingejua tofauti.

"Imekolea," nikasema. "Lakini mwisho imeungua kidogo. Nilikuwa naangalia weye, nikachelewa kuitoa ku moto."

Papa Zakaria alikisukuma kikombe taratibu kuelekea kwangu.

"Basi mwaga," akasema.

Nikamwaga. Nikakaanga upya, safari hii nikitazama kikaango, nikasaga, nikachemsha, nikaonja. Nikamwekea mbele yake.

"Kunywa, Papa."

Akanywa yote.